Kabla Hujaandika Udaktari Kwenye Ile Fomu

Kanyangi,
Jumatatu, saa nane mchana

Mwende, mwaitu, mama yangu,

Salamu tuache. Asubuhi hii tumekunywa chai meza moja na hukuniangalia hata mara moja, na sikulaumu. Sasa umeenda na mama yako kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimekaa hapa na daftari lako la zamani la hesabu, naandika kwenye kurasa ulizobakisha. Blanketi, mafuta ya taa, maji ya Tseikuru, huko unakokwenda kuwasaidia masista kwenye dispensari yao, yalivyo na chumvi, hayo yote mama yako amekuambia mara kumi na mimi sina la kuongeza. Nataka kukuambia jambo ambalo hata yeye hakuwahi kulisikia mpaka juzi. Lisome ukishafika, siyo njiani.

Nianze na ile sherehe ya shukrani ya Jumapili ya juma lililopita. Mpaka leo nikiikumbuka natamani kutema mate. Mchungaji aliomba nusu saa nzima akimshukuru Mungu kwa "daktari wetu", na wewe ndiyo kwanza umepata matokeo ya kidato cha sita, hata fomu hujajaza. Wakala mbuzi wawili. Halafu, mafuta bado yako kwenye ndevu, wakajipanga kando ya ghala, ati wanataka kuonwa na daktari! Mama Kasiva na magoti yake. Mzee Nzuki na kikohozi chake cha tumbaku. Mtu mzima na akili zake anafungua vifungo vya shati mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa, anamwambia amsikilize moyo. Umsikilize kwa kitu gani, kwa kijiko? Na mimi nimesimama pale na tai shingoni, nacheka, nawapanga foleni. Ndiyo, foleni ile niliipanga mimi.

Ndipo akaja Mzee Kitheka na ule mguu. Alipofungua kitambaa, kidonda kimeshindiliwa majivu na majani ya tumbaku, usaha umeshika rangi ya uji, hata mbwa alirudi nyuma. Wewe ukakimbia nyuma ya ghala ukatapika. Nilidhani umekwenda moja kwa moja. Kumbe ulirudi, unajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, ukasema mbele ya watu wote: "Mimi si daktari. Sijasomea hata siku moja. Mzee, huu mguu upelekwe dispensari leo, usingoje kesho."

Watu wakaguna. Shangazi yako akasema masomo yamekupanda kichwani. Na mimi, baba yako, nikakuambia kwa sauti wote wasikie, "Mwende, usinitie aibu. Mguse tu mzee, umpe moyo." Ukakataa. Basi nikakunja mikono ya shati, nikaagiza maji ya moto, nikamwosha mimi mwenyewe, taratibu, kwa madaha, nikihakikisha kila mtu ananiona. Nilikuwa kama mtu anayeigiza kanisani siku ya Krismasi.

Jioni ulikuwa unachambua maharagwe, ukaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, mtu anajuaje kama yuko tayari kuomba udaktari? Nimeacha mstari wa kwanza wa fomu wazi." Jibu langu unalijua. Nilipayuka kwamba utayari ni alama, na alama unazo, na usipoandika udaktari pale usirudi kwenye boma hili. Ukabeba sinia lako la maharagwe ukaenda jikoni. Tangu siku hiyo mimi na wewe tunazungumza kupitia kwa mama yako, ati "mwambie baba chakula kiko tayari."

Sasa nikuambie kwa nini nilipayuka.

Unajua watu wa hapa wananiita Daktari. Umezaliwa ukasikia hivyo. Pengine ulipokuwa mdogo uliamini, na ulipokwenda sekondari ukajua kwamba mimi ni dresa tu, wa kuosha vidonda na kufunga bendeji, ukanyamaza kwa heshima. Asante kwa hiyo heshima, sikustahili. Nilichukuliwa kazi mwaka wa pili baada ya Uhuru, nina cheti cha darasa la nane na yunifomu ya kaki. Kazi yangu ilikuwa kufagia vyumba viwili, kuchemsha sindano kwenye stovu, na kuosha vidonda. Kuchoma mtu sindano haikuwa kazi yangu. Ilikuwa kazi ya mkubwa wetu, ambaye alikuwa amesomea.

Lakini mkubwa alikuwa akienda Kitui kuchukua dawa anakaa siku nne, tano, na watu wa hapa unawajua. Vidonge hawavitaki. Vidonge, walisema, ni vya watoto wa shule. Mtu ametembea tangu alfajiri, ukimpa vidonge anakuangalia kama umemtukana. Anataka achomwe, asikie uchungu, arudi nyumbani akichechemea kidogo ili majirani wajue ametibiwa. Siku ya kwanza mzee mmoja alinisihi, nikamchoma, akapona. Wa pili akapona. Koti jeupe la mkubwa lilikuwa linaning'inia msumarini. Nikalivaa. Lilinitosha, balaa yenyewe ikawa hiyo. Nikanunua kalamu nikaichomeka mfukoni ingawa sikuwa na kitu cha kuandika. Mwezi mmoja tu na hata mwendo wangu ukabadilika. Walipoita "Daktari!" sokoni niligeuka kabla hawajamaliza neno.

Mvua za Novemba zilipokuja, homa ikaja nazo. Kamene, yule mama anayeuza mayai karibu na posho-mili ya kusagia unga, alikuja amembeba binti yake Kalondu mgongoni. Kalondu unayemjua wewe, fundi wa nguo. Alikuwa na miaka minne, anawaka moto, macho yamegeuka. Mkubwa alikuwa Kitui. Nikavuta kwinini kwenye sindano, nikamlaza mtoto kifudifudi, nikamchoma katikati ya tako, palipo na nyama nyingi, maana hivyo ndivyo nilivyodhani. Alipiga kelele, Mwende. Watoto wote wanalia sindano, nimesikia maelfu. Ile haikuwa kelele ya kuogopa. Mguu uliruka wenyewe kama umepigwa, na mimi niliuona ukiruka, na nikasukuma dawa mpaka ikaisha.

Homa ilishuka. Mtoto alipona kabisa, isipokuwa ule mguu. Wiki ile ile akaanza kuuburuta, unyayo unaning'inia hauinuki. Mkubwa aliporudi akamtazama, akauliza nani alimchoma. Kabla sijafungua mdomo, Kamene akajibu kwa furaha, "Ni Daktari huyu! Bila yeye ningekuwa nimezika." Mkubwa akanivuta nyuma ya choo. Akanionyesha kwenye tako langu mwenyewe, kwa kidole, namna ya kuligawa mara nne kwa macho na kuchoma juu, upande wa nje, kwa sababu huko chini na katikati unapita mshipa wa fahamu, mnene kama kidole, na ukiutia kwinini mguu umekwenda. Halafu akasema, "Nyamaza. Tukisema tutafukuzwa wote wawili." Kwa hiyo usije ukafikiri baba yako hakujua. Nilijua siku ya tano.

Ningeishia hapo ingekuwa kosa la kijana mjinga. Sikuishia hapo.

Mguu ukitokea kuharibika hapa kwetu, watu hawaulizi dawa, wanauliza ni nani ameroga. Jirani ya Kamene alikuwa mama mmoja mjane, Syombua, mke wa pili wa marehemu baba mkwe wa Kamene. Yule mama alimhurumia mtoto. Alikuwa anakuja jioni anamkanda mguu kwa mafuta ya mbarika, anamwimbia. Basi wakasema ni mikono yake. Ati kwa nini anaushika mguu kila siku kama hana lake? Ukoo ukakaa kikao. Wazee wakasema tusimwonee mtu, tumwite Daktari, yeye amesoma, atuambie kama sindano yaweza kufanya hivi.

Nikaitwa. Nikaenda na lile koti. Yule mama amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, ananiangalia kwa matumaini, kwa sababu katika watu wote pale mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na neno la kumtoa. Mzee wa ukoo akauliza, "Daktari, sindano yaweza kulemaza mguu?" Nikasema, "Sindano hailemazi mguu. Sindano ni dawa."

Ni hayo tu niliyosema. Sikumtaja. Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba sikumtaja! Unaona uchafu wa akili ya mtu? Wiki mbili baadaye wajukuu wa mumewe waling'oa mbaazi zake, wakaezua nyasi za nyumba yake wakazitupa barabarani. Aliondoka na kiondo kimoja na kuku mmoja, akaenda Kambu kwa binti yake aliyeolewa huko, anayeuzia wasafiri matunda kwenye barabara ya Mombasa. Mimi nilikuwa nafagia dispensari. Nilimwona akipita. Nikaingia ndani nikachemsha sindano ambazo zilikuwa zimeshachemshwa.

Kamene aliniletea jogoo wa shukrani. Mama yako alikuwa amefika kwangu miezi mitatu tu, akampika vizuri, na mimi nikamla. Nilifyonza hadi mifupa. Nikikuambia kwamba kuna siku naamka na ladha ya yule jogoo mdomoni, usifikiri napamba maneno.

Kwa hiyo ulipotapika nyuma ya ghala halafu ukarudi ukasema "mimi si daktari", ulinipiga kofi bila kujua. Maneno matatu. Mimi nilikaa mbele ya ukoo mzima na sikuyapata. Wewe uliyapata na matapishi bado yako kwenye viatu, watu wamekutolea macho, baba yako amekukaripia, na hukuyarudisha. Ndiyo maana nilichukia. Nilikuwa nataka uwe daktari haraka, wa kweli, mwenye cheti ukutani, ili wakisema "Daktari" kwenye boma hili isiwe uongo tena. Nilitaka nikuvalishe wewe lile koti ili mimi nilivue. Nimejitazama kwa hilo, Mwende, na nimejichukia kuliko ninavyochukia usaha wa Kitheka.

Juzi Jumamosi niliamua kwenda kwa Kamene. Nilimkuta ameketi mlangoni anahesabu mayai, Kalondu yuko ndani na cherehani yake ya mkono. Unajua kwa nini ana cherehani ya mkono? Ya miguu haiwezi. Nimepita mbele ya ile cherehani miaka yote hii nikisalimia. Nikakaa, nikakataa chai, nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, kuanzia koti mpaka kikao. Nilikuwa tayari anitupie mayai, amwite mkubwa wangu, aite chifu, nifukuzwe kazi.

Kamene akacheka! Akanishika bega akasema, "Aiya, Daktari, umechoka. Kazi imekuwa nyingi. Sisi sote tunamjua aliyefanya hivi, na Mungu alishamwondoa hapa." Nikamwambia hapana, ni mimi, niliuona mguu ukiruka. Akasema, "Wewe ulimwokoa mtoto wangu. Usijitie dhambi za watu wengine." Nikamgeukia Kalondu. Hakusimamisha hata gurudumu. Akasema hayo ni mambo ya zamani, nimwambie Mwende akishakuwa daktari atamshonea koti jeupe bure. Na nilipoinuka, Kamene akanifungia mayai kumi na mawili kwenye kitambaa, "ya daktari mpya." Nilikataa. Alinifuata mpaka njiani nikayapokea, maana nilikuwa sina nguvu ya kugombana naye. Jioni nikamweleza mama yako kila kitu. Aliyachukua yale mayai akayachemsha. Hayo mayai yaliyo kwenye kikapu chako ni hayo. Ule usile, shauri yako. Mimi yananichefua.

Nilidhani nikisema nitapumua. Wapi! Uongo wa miaka ishirini umeota mizizi kwao kuliko kwangu, wanaupenda, wanaumwagilia maji. Wakati wa kusema ulikuwa ule, siku ya kikao, yule mama akiwa amekaa chini ananitazama. Nilifika nimechelewa, na waliobaki hawanihitaji niwe mkosaji.

Basi kuhusu swali lako. Sijui, mama. Huyu anayekuandikia hajawahi kuwa tayari hata siku moja, na hilo halikumzuia kushika sindano. Alama zako ni nzuri, zitakuingiza. Kutapika si kitu. Mkubwa wetu aliyesomea alikuwa anatapika kila akifungua kidonda chenye funza, anasukutua mdomo, anarudi. Kinyaa cha kidonda kinatoka kwa maji moto na sabuni, utakizoea, na usipokizoea utafanya kazi nacho hivyo hivyo. Kitu ninachokuomba ukitazame huko Tseikuru ni kingine. Huko watakuita daktari kabla hujateremsha sanduku, kwa sababu umevaa aproni na unasoma lebo za chupa. Tazama unavyosikia ndani yako wakikuita. Mimi nilisikia utamu. Kama na wewe utasikia utamu, usiogope, wewe ni damu yangu, lakini usiiandike fomu wiki hiyo. Ngoja. Na siku utakapokosea, maana utakosea, hata kumpa mtu kidonge kisicho chake, tazama ni muda gani umepita kabla hujamwambia sista. Kama ni dakika tano, nafikiri unaweza kwenda kusoma. Kama ni wiki, rudi nyumbani ufundishe hesabu, nitafurahi vile vile, na anayeguna nitamjibu mwenyewe.

Maneno niliyosema kuhusu kutorudi kwenye boma hili, nayafuta. Yalikuwa ya mtu mwoga. Mlango ni wako ukiwa daktari, ukiwa mwalimu, ukiwa umeshindwa yote mawili.

Fomu nimeitoa kwenye bahasha, nikajaza upande wangu tu. Pale wanapouliza kazi ya mzazi, mwaka ulipoingia sekondari niliandika "Daktari" kwa herufi kubwa. Mwalimu mkuu akanipa mkono siku hiyo, nikaupokea. Safari hii nimeandika: dresa na mfagiaji, dispensari. Nimeweka sahihi. Mstari wako wa kwanza sikuugusa, uko mtupu kama ulivyouacha. Una mpaka mwisho wa mwezi ujao, na sista wa huko amesema ataituma kwa posta ukiwa umeamua. Ukiona mwezi hautoshi, acha mwaka upite. Chuo hakihami.

Mama yako anafikiri kesho nitakusindikiza mpaka Kitui nirudi. Sirudi. Nimeomba siku tatu. Nimeulizia na nimeambiwa Mama Syombua yuko hai, macho yamefifia, anakaa chini ya turubai pale Kambu anapanga maembe ya binti yake mafungu mafungu. Ukishapanda gari la Mwingi, mimi nitapanda la Kibwezi. Sijui nitaanzaje. Sina cha kumpelekea, na sidhani kama kuna kitu cha kumpelekea mtu kama yule. Nitakaa chini mbele yake na kumwambia ilikuwa sindano. Hapa Kanyangi Kamene na Kalondu hawakuniamini, lakini yeye ataniamini mara moja.

Baba yako,
Mwanzia